Mkoromo wa Mwenyekiti

Ipo nchi inaitwa Tulizana. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani yake bado inajadiliwa na kamati, na kamati imekwenda kula. Ni nchi nzuri ya watu wapole. Ukisikia huko mtu amekatazwa jambo, ujue alikuwa ameanza kulipenda.

Katika nchi hiyo palikuwa na Chuo Kikuu, ndani ya Chuo Kikuu palikuwa na maktaba, na ndani ya maktaba alikuwamo binti mmoja, Kidawa, mwenye kazi ambayo haipo pengine popote duniani. Kidawa alikuwa Shahidi wa Usingizi.

Mtu atauliza, jamani, usingizi na maktaba wapi na wapi? Ngoja. Lazima tuanze na nyuki.

Zamani mwalimu wa Tulizana akitaka kuwaonyesha wanafunzi filamu ya mambo ya kweli, si zile za kupigana na kubusiana, aliitia mkobani, akaingia darasani, akafunga mapazia, akaonyesha. Basi. Mpaka siku ile mwalimu wa kilimo alipoonyesha filamu ya nyuki. Filamu tamu hasa, nyuki wanaingia, nyuki wanatoka, asali inadondoka. Ila katikati yake nyuki wakamchoka malkia wao, wakamzonga, wakamsukuma mpaka nje ya mzinga. Mwanafunzi mmoja kule nyuma akapiga makofi. Mmoja tu. Jua halijazama, Waziri wa Macho na Masikio yuko redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "sisi hatuna ugomvi na nyuki. Nyuki ni rafiki wa taifa hili, na mimi mwenyewe asubuhi ya leo nimekunywa chai kwa asali. Lakini nauliza, na nitaendelea kuuliza: inakuwaje mtoto wa juzi aone jambo ambalo mkubwa wake hajaliona? Hiyo si elimu. Huo ni utovu wa adabu!"

Ikazaliwa Kamati ya Kutazama kwa Niaba. Tangu hapo, maktaba ikitaka filamu ya darasani, kwanza ilimwandikia mwenye filamu kumwomba ruhusa, maana filamu aliyonunua mtu akaitazame kwake na mkewe si ya kuonyeshwa ukumbi mzima. Hilo halina neno, ndivyo inavyofanyika kila mahali, na wenye filamu walijibu upesi na kwa heshima. Shughuli ilianza filamu ikishafika. Ilipelekwa mbele ya Kamati, na wazee wakaitazama kwa niaba ya vijana. Walichokiona wazee kiliruhusiwa. Wasichokiona, hata kama ni wingu linapita zake, kilikatwa, kwani mtoto hawezi kumtangulia mkubwa kuona wingu.

Sasa tatizo ni kwamba Kamati ilitazama filamu baada ya chakula cha mchana. Na chakula chenyewe pilau.

Filamu ya samaki ilipokuja, wazee waliona mayai yakitagwa, wakasinzia, wakazindukia kwenye kikaango. Mpaka leo wasomi wa viumbe wa Tulizana wanajua kwamba samaki hutoka kwenye yai akiwa ameshakaangwa. Filamu ya upasuaji ilipokuja, wazee waliona tumbo likifunguliwa, wakalala, wakaamka linashonwa. Ndiyo maana madaktari wa kule wanasifika kwa kufungua na kushona. Cha katikati wanamwachia Mungu.

Ili ijulikane Kamati imelala wapi na imekesha wapi, akatakiwa mtu wa kushuhudia. Wasomi walijaribiwa, wakalala kuliko wazee. Ndipo mtu akamkumbuka Kidawa, aliyekuwa akifuta vumbi kwenye rafu kama kibarua, kwamba yule binti akikutazama hapepesi. Akapewa kigoda, kigoda kikawekwa mbele kabisa, mgongo wake kwenye pazia la filamu na uso wake kwa wazee. Filamu zote zilizopita maktaba ile Kidawa alizikalia mgongo. Aliziona usoni mwa watu wengine tu. Alijua twiga amepita kwa kuona wazee wanainua videvu.

Na sheria ilimpa Shahidi silaha moja: kikohozi. Kumgusa mjumbe aliyelala ni kosa, kumwita jina ni kosa kubwa zaidi. Lakini Shahidi akikohoa, kila mjumbe hana budi kufumbua macho, na kinachopita hapo kinahesabiwa kimeonwa. Kidawa alikuwa mkarimu wa kikohozi. Simba wote mnaowaona kwenye madarasa ya Tulizana, ujue wamepita kwa koo la Kidawa.

*

Siku moja akaja maktaba Dakta Tuwano, mwalimu wa historia, mtu mwembamba ambaye shati lake lilikuwa likichomoka kila alipotaka kusema jambo la maana.

"Kidawa," akasema, shati limeshachomoka, "nimeomba filamu. Inaitwa *Walioyapisha Maji*. Ni ya Bonde la Mkelele."

Kidawa akaacha alichokuwa anakifanya.

Hapo inabidi nikwambie kuhusu Bonde la Mkelele. Kila mtoto wa Tulizana anafundishwa kwamba bonde hilo, kabla ya kujazwa maji ya bwawa, lilikuwa tupu. Mawe na nyani. Aliyeligundua jambo hilo ni Mheshimiwa Profesa Sekiondo, katika kitabu chake *Bonde Tupu*, kitabu kilichompa uprofesa, na uprofesa ukampa gari, na gari likampeleka kwenye kiti cha Mwenyekiti wa Kamati ya Kutazama kwa Niaba. Kwa kuwa bonde lilikuwa tupu, hakuna aliyehamishwa. Kwa kuwa hakuna aliyehamishwa, hakuna wa kutafutiwa shamba jingine. Mambo yalikuwa yamenyooka kabisa.

Isipokuwa Kidawa alizaliwa kule.

Alitoka bondeni akiwa mgongoni kwa shangazi yake, Bi Mwatabu, na maji nyuma yao yakilamba vizingiti. Tangu hapo wakaishi kwenye kilima cha watu wengine, kwenye kipande cha kuazimwa. Na huyo Bi Mwatabu ndiye aliyefuatwa na binti mmoja wa kamera, mtengenezaji wa filamu hiyo, akakaa mbele ya mlango wa jiko, akasema yote.

Kidawa alipokwenda kumsalimia, shangazi alikuwa anamngoja kwa hamu.

"Nimesema, Kidawa. Nimesema mpaka yule mtoto wa kamera akaniambia bibi kunywa maji kwanza. Nikamwambia, maji? Maji ndiyo yaliyonifikisha hapa!" Akacheka mwenyewe, kisha akatulia. "Sasa hao wakubwa wenu ndio watazame kwanza?"

"Ndiyo, shangazi. Wao kwanza, ndipo wanafunzi."

"Na nasikia wanalala."

"Wanalala sana."

"Wakilala mimi nikisema?"

"Nitakohoa," Kidawa akasema. "Kazi yangu ndiyo hiyo. Wewe ukianza tu kusema, nakohoa mpaka kuta zinaamka."

"Usije ukajiumiza kifua, mwanangu," shangazi akasema. "Kohoa kidogo tu. Mimi mwenyewe sauti ninayo."

*

Siku ya filamu, pilau ilikuwa ya mbuzi. Wajumbe wawili wa pembeni, yule wa Wizara na yule wa Maadili, walikuwa wameshalala kabla mapazia hayajafungwa. Profesa Sekiondo alikula taratibu, akamaliza, akalamba kidole gumba mara mbili, kama mtu anayebandika stempu, akajiegemeza kwenye kochi. Yeye siku hiyo alikuwa macho. Alikuwa amesikia filamu inahusu maji, akadhani ni ya bomba.

Kidawa alikaa kigodani. Nyuma yake akasikia upepo, akasikia mbuzi, akasikia mlango unasukumwa. Kisha akasikia sauti ya shangazi yake, kubwa, imejaa chumba, kana kwamba amesimama mgongoni kwake.

"Akaja kijana mmoja," sauti ikasema. "Kipaza sauti shingoni, suruali inamvuka kwa njaa. Nikamwambia, mwanangu, kabla hujasema ulilotumwa, kaa unywe uji. Akanywa bakuli, akaomba jingine. Akamaliza, akalamba kidole gumba. Mara mbili, hivi, kama mtu anabandika stempu. Halafu akapanda juu ya kinu changu, akatusomea karatasi ya kutuhamisha."

Kidawa akauona uso wa Mwenyekiti. Alishawahi kuuona ukicheka, ukisinzia, ukijikuna. Hivi hakuwahi kuuona. Damu ilishuka yote, na kile kidole gumba, bado kinang'aa mafuta, kikatambaa polepole kikajificha chini ya paja.

"Uji simdai," sauti ikaendelea. "Kuhama, tumehama. Ila naambiwa mtu yule amekuwa mkubwa, ameandika kwamba kwetu palikuwa patupu. Sasa namuuliza, mwanangu, ule uji uliunywa kwa nyani?"

Mwenyekiti akafumba macho.

Mtu aliyelala kweli, kope zake hulegea kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Nani ajue hilo kuliko Kidawa? Kope za Mwenyekiti zilikuwa zimebanwa, zimekunjamana, kama za mtu aliyeingiwa na sabuni. Kifua chake kilikuwa kinakwenda mbio. Alikuwa macho kuliko mtu yeyote katika Jamhuri ya Tulizana.

Na kikohozi kilikuwapo. Tusimsingizie binti wa watu kwamba kilimkosa. Kilikuja chenyewe, kikapanda, kikakaa kooni kimejiandaa. Lakini pamoja nacho likapanda jambo jingine: kwamba yeye bado ni kibarua, kwamba ajira yake inangoja neno la mtu huyu aliyefumba macho, na kwamba mwezi ule alikuwa ameahidiwa kuthibitishwa. Vitu viwili haviwezi kupita kooni kwa pamoja. Kidawa akameza. Alikisikia kikohozi kikishuka kama tonge kavu.

Nyuma yake shangazi akaendelea kusema, akasema weee, akataja majina ya waliokuwa na nyumba, mmoja mmoja, mbele ya watu watatu waliofumba macho na mpwa aliyempa mgongo.

*

Filamu ilipokwisha mapazia yakafunguliwa, wajumbe wa pembeni wakajinyoosha, na ukafika wakati wa ushahidi.

"Binti Shahidi," Mwenyekiti akasema, akitazama feni. "Kuna mahali... yule mama alipokuwa akiongea. Nadhani nilipitiwa."

Akashusha macho kutoka kwenye feni.

"Nilipitiwa, sivyo?"

"Ulilala, Mheshimiwa," Kidawa akasema.

Angeishia hapo pengine usiku angelala. Lakini akaona Mwenyekiti bado hajatua pumzi, bado anamtazama kwa pembeni kama mtu asiyeamini zawadi, na Kidawa alikuwa amelelewa kwamba ukimpa mtu kitu mpe kwa mikono miwili.

"Na ulikoroma," akaongeza.

"Nilikoroma!" Mwenyekiti akageukia wajumbe, uso umemchanua. "Mmesikia? Nilikoroma! Nilikoromaje, binti? Tuonyeshe, ili Kamati ijiridhishe."

"Nionyeshe, Mheshimiwa?"

"Kwa faida ya taifa."

Basi Kidawa akainua kidevu, akafungua mdomo, akakoroma. Ulikuwa mkoromo mzuri, mzito, wa mtu aliyeshiba, na mwishoni una kifilimbi.

"Ndiye mimi huyo!" Mwenyekiti akasema, machozi yanamlengalenga. "Huo ni wangu kabisa! Wenzangu, kipande kizima hicho hatukukiona. Sheria ni msumeno. Kikatwe, na nyumba zote alizotaja zikatwe, na kila mlango ambapo mtu amesimama. Kilichobaki wanafunzi waonyeshwe, maana hatuwanyimi elimu!"

Wiki ile Kidawa alithibitishwa kazini. Kigoda kikaondolewa, akaletewa kiti cha magurudumu chenye mahali pa kuegemeza mikono. Wafanyakazi wa maktaba wakaja kukizunguka kiti kama watu waliokuja kumwona mwali.

"Bibi Shahidi sasa mtu mkubwa!" wakamtania. "Kizungushe basi tuone!"

Akakizungusha. Kila kilipozunguka alijiona mahali pale pale.

Akikohoa kwa vumbi tu, anaziba mdomo, anatazama huku na huku kama aliyetoa siri. Alijiambia kwamba hata angekohoa wangekata kwa njia nyingine. Alijiambia kwamba shangazi hatajua, kwani nani atamwambia? Kwenye kilima kile hata redio yao inashika stesheni moja tu, tena ya taarabu.

*

Aliyemleta ni Dakta Tuwano. Mtu mwema sana, na watu wema wana namna yao ya kukumaliza. Aliona si adabu kuonyesha filamu ya watu bila kuwaalika wenyewe. Filamu alijua imepunguzwa, maana zote hupunguzwa. Imepunguzwa wapi hakuwa na ruhusa ya kujua kabla ya wanafunzi wake. Akatuma gari kilimani.

Bi Mwatabu akaingia ukumbini amevaa doti mpya ya khanga, bado inanukia duka, na mkononi amebeba kitu kimefungwa kitambaa. Akamwona Kidawa mlangoni, akamshika mkono, akamvuta mpaka kiti cha mbele.

"Kaa na mimi. Nimekuja na lile bakuli," akanong'ona, akifungua kitambaa kidogo. Lilikuwa bakuli la bati, maua yamefutika, ukingo umeliwa na kutu. "Nikishasema pale kwenye filamu, nalinyanyua hapa. Waone sikusema uongo."

"Shangazi..."

"Ulikohoa?"

Taa zikazimwa. Watu wakasema sshh. Kidawa akashukuru lile giza.

Filamu ikaanza. Kwa mara ya kwanza Kidawa alikaa ameelekea pazia, lakini mazoea ni mazoea, macho yake yakaenda kwenye uso wa shangazi. Hakuiona filamu hii pia. Aliona mwanga ukipita juu ya uso ule, bluu, njano, bluu. Milima ikapita. Mbuzi akalia. Ukaja mlango wa jiko, hakuna mtu mlangoni. Kikaja kinu, kimekaa peke yake. Shangazi akanyanyuka kidogo kitini, bakuli tayari. Yakaja maji. Maji mengi, mazuri, yametulia, na ndege mweupe juu yake. Kwisha.

Taa zikawashwa. Wanafunzi wakapiga makofi. Msichana mmoja wa kiti cha pili, mwenye daftari safi, akainua mkono.

"Dakta, nimejifunza sana. Nilikuwa na wasiwasi kidogo na kitabu cha Profesa, lakini sasa tumejionea. Kweli hapakuwa na mtu."

Dakta Tuwano akafungua mdomo, shati likachomoka lote.

Bi Mwatabu akamgeukia Kidawa.

"Mbona yule mtoto anasema hapakuwa na mtu? Kidawa. Mimi nimepita saa ngapi?"

Huo ndio wakati Kidawa aliopewa tena, na si wengi wanaopewa mara mbili. Aliutazama. Akafungua mdomo kusema kweli, na kilichotoka ni kile mdomo ulichokizoea.

"Umepita, shangazi. Ulikuwa umelala."

"Mimi?"

"Safari ndefu. Ulipitiwa."

Shangazi akautazama mkono wake ulioshika bakuli, kana kwamba mkono ungekumbuka.

"Nilikoroma?"

Kidawa akawa anatazama kucha zake. "Kidogo," akasema.

"Ala! Mbele za watu!" Bi Mwatabu akajiziba mdomo kwa upindo wa khanga. "Basi, wewe ndiye shahidi. Ukisema nimelala, nimelala." Akainuka, akawageukia wanafunzi, akainamisha kichwa. "Wanangu, mnisamehe. Nimekuja kwenu nikawakoromea, na maneno yangu mwenyewe yamenipita. Nilisema vizuri?"

Wanafunzi wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyemsikia akikoroma, wala aliyemsikia akisema. Lakini ni vijana wa Tulizana, wamelelewa vizuri, na anayeuliza ni mkubwa wao.

"Vizuri sana, bibi," wakaitikia kwa pamoja.

"Alhamdulillahi. Basi nirudishieni tena kidogo. Safari hii silali."

Dakta Tuwano akamtazama Kidawa. Kidawa akatazama sakafu. Taa zikazimwa.

Bi Mwatabu akaliweka bakuli mapajani, akainua mikono yote miwili, na kwa vidole akashika kope zake, juu na chini, akaziachanisha mpaka macho yakatoka kama ya mtu aliyeona moto. Machozi yakaanza kumtiririka kwa macho kukauka, yakadondoka ndani ya bakuli, tii, tii. Hakuachia.

Milima ikapita. Mbuzi akalia. Kidawa, macho yake kwenye uso ule, akajua kwa kuhesabu mwanga kwamba sasa ni mlango, sasa ni kinu, na baada ya kinu ni maji.

Akakohoa.

Alikohoa kwa kifua chote, kikohozi alichokuwa amekimeza siku ile mbele ya Mwenyekiti, kikatoka kikavu, kinakwaruza, kikafuatwa na kingine na kingine, mpaka wanafunzi wakageuka, mpaka Dakta akasimama, mpaka pazia likawa la bluu tupu na ndege mweupe.

"Niko macho, mwanangu," shangazi akasema taratibu, bila kugeuka. "Niko macho."